Kijiko cha Wali cha Bibi Chantha

Ipo asubuhi moja ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani, mwanangu. Najua utacheka nikikuita mwanangu, maana sina hata mvi moja, na tukitembea pamoja Mount Druitt, hapa Sydney, watu hudhani tumefuatana kuzaliwa. Lakini mama yako ni dada yangu, mimi ni mama yako mdogo, na wiki iliyopita, treni ilipokuwa inatoka kituo cha Seven Hills, nilikuuliza habari za baba yako aliye Perth, ukanijibu kwa Kiingereza kwamba kwako wewe alishakufa. Kisha ukarudisha hedifoni zako masikioni. Basi ngoja nikuandikie. Kiswahili kitakachokushinda, muulize bibi yako.

Nilikuwa nimemaliza chuo, digrii ninayo, kazi sina, nikawa nahudumia wazee majumbani. Siku hizo nilihoji kila kitu. Nilimhoji padri kuhusu sadaka, nikamhoji mwalimu wangu wa chuo kuhusu kitabu alichokiandika mwenyewe. Mama alikuwa akisema nikifika mbinguni nitamhoji Mungu mlangoni kabla hajanifungulia.

Mzee mmoja niliyemhudumia alikuwa Bibi Chantha, Mkhmer aliyeikimbia Kamboja akiwa msichana, wakati wa vita. Hakuwahi kurudi. Magoti yalipomwishia akasema anataka kukiona kijiji chake mara moja tu, na kuwalisha wafu wake. Ni desturi yao: kila mwaka una majira yake ambapo Wakhmer hupeleka chakula hekaluni kwa ajili ya marehemu wao. Mwanawe, dereva wa malori ya makontena bandarini Port Botany, hakupata ruhusa kazini, akaniomba nimsindikize mama yake.

“Wafu wanakula wali, bibi?” nilimwuliza tukiwa kwenye ndege.

“Wewe uliza,” akasema, “mimi nitapakua.”

Tulipotua, yeye ndiye aliyeshangaa kuliko mimi. Mimi niliona vumbi jekundu kama la Uvira tulikotoka, na pikipiki iliyobeba godoro, mke, mtoto na kuku, nikajisikia nyumbani. Yeye alitazama maghorofa ya vioo akaniuliza kama tumepanda ndege sahihi. Muuza maji ya miwa akamkaribisha kwa Kiingereza. Bibi Chantha akamjibu kwa Kikhmer, na yule kijana akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. Alisema mgeni huyu anaongea kama marehemu nyanya yake. Bibi hakuyamaliza yale maji. Njia nzima hadi kijijini alitazama dirishani.

Asubuhi iliyofuata tukaenda hekaluni. Mabakuli ya watawa yalikuwa yamepangwa kwenye meza ndefu, na kila mtu alipita na chungu chake cha wali, akitia kijiko kimoja katika kila bakuli. Mimi nilimsukuma Bibi Chantha kwenye kiti chake cha magurudumu. Mbele yetu alikuwa bibi kizee aliyevaa nguo nyeupe, kichwa kimenyolewa chote. Kila kijiko alikitolea jina, kwa sauti ya mtu anayeita watoto waje kula.

Ghafla Bibi Chantha akanikamata mkono. Kucha zikaniingia.

“Amemtaja baba yangu.”

“Majina hufanana, bibi.”

“Na mama yangu.”

Nikaanza kumweleza kwamba katika kijiji kidogo si ajabu watu wawili kuitwa jina moja. Yule bibi kizee akasogelea bakuli la tatu, akachota, akaita: “Chantha.” Hilo nililisikia mwenyewe. Halikuhitaji mkalimani.

Mkono ulionishika ukalegea, nikadhani amezimia. Mwanangu, nilikuwa nimesimama nyuma ya mtu aliye hai, anayepumua, akijitazama akipakuliwa chakula cha wafu.

Bibi akatamka neno moja kwa sauti ndogo. Baadaye niliambiwa ni jina la utotoni la dada yake mkubwa, Maly. Wakati wa vita Maly alichukuliwa na wasichana wengine wakalime mbali, na habari ikaja kwamba kundi lote limekufa. Bibi alikuwa amekuja kumlisha huyo huyo.

Yule mzee aligeuka. Hakupiga kelele. Alishika kwanza tairi la kiti, kama fundi, akashika goti, kisha akamtandika mdogo wake begani kwa kile kijiko. Punje za wali zikaruka hadi kwenye nywele zangu.

“Anasema nini?” nikamwuliza dereva aliyetuleta kijijini, aliyejua Kiingereza.

Dereva alikuwa analia. “Anasema, nimekulisha miaka yote hii, kumbe unakula kwingine!”

Mchana walikaa mkekani, chini ya nyumba ya Maly iliyoinuliwa juu ya nguzo, wameshikana mikono kama wasichana. Wote walikuwa wanacheka, isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa na hasira. Watu wawili wameliliana maisha yao yote wakiwa wazima!

“Nani alimwona Maly akifa?” nikauliza. “Nani alikuona wewe? Mbona hamkuulizana?”

Dereva akatafsiri. Maly akanitazama kama niliyemwomba anipe meno yake. Bibi Chantha ndiye aliyejibu.

“Ukiuliza, utajibiwa. Nilikwisha kulia mimi. Sikuwa na nguvu za kulia tena.” Kisha akaniinamia. “Na wewe unayehoji kila mtu. Yule mjomba wako uliyeniambia alikufa vitani kwenu, nani alimwona?”

Nikatoa punje ya wali iliyobaki kwenye nywele zangu.

Kila mwaka nyumbani kwetu tuliwasha mshumaa wa mjomba Bahati, ndugu pekee wa mama. Nilihoji mshumaa, nilihoji sala, nilihoji hata kama kuna roho. Sikuwahi kuhoji kama amekufa.

Niliporudi Sydney nilimkuta mama jikoni anasonga ugali. Sikusubiri hata kuvua koti.

“Mama, nani alimwona mjomba Bahati akifa?”

“Watu balisema.”

“Watu gani?”

“Weye mutoto! Mambo ya iniversite uyaache kule kule.”

Mwiko ukasimama. Ugali ukaanza kuungua, na hakuna aliyezima jiko. Kisha akasema, bila kugeuka, “Kama hakukufa, njo kusema nilimuacha.”

Hapo nikaelewa mshumaa ulikuwa wa nini: maadamu amekufa, mama hakuwa amemwacha nyuma alipokimbia vita.

Ilichukua muda kumshawishi mama tumtafute. Mwishowe mama mmoja wa kanisani, mwenye ndugu mjini Kalemie, kule kwetu, akatuma ujumbe wa sauti, huyo ndugu akautuma kwa mwingine, na jibu likaja Jumamosi moja tukiwa tunakunja nguo. Ilikuwa sauti ya msichana. Alisema yeye ni binti wa Bahati. Baba yake alikuwa fundi baiskeli pale sokoni, na alifariki mwaka uliopita kwa malaria. Alisema baba alimzungumzia sana dada yake. Alikuwa akisema, popote alipo lazima yu hai, maana yule ni mkaidi.

Mama alisikiliza ujumbe ule mpaka simu ikaisha chaji.

Tulimlilia muda wote alipokuwa mzima, mwanangu. Na siku aliyokufa kweli hakuna aliyelia kwetu. Pengine tulikuwa dukani tunachagua kapeti.

Sasa nisikilize. Sikuambii umsamehe baba yako. Alichomfanyia mama yako nakijua, na mimi mwenyewe sijamaliza kumkasirikia. Mkasirikie, mtukane ikibidi, umwulize aliondokaje bila kukuaga. Lakini mfanyie hayo akiwa anasikia. Usimzike mtu kwa sababu jibu lake linakutisha. Mimi niliyejiona naweza kuuliza kila kitu, nilikaa miaka yote hiyo bila kuuliza swali moja ambalo lingempa mama yangu kaka. Wewe namba unayo.

Mungu, ambaye bado nina maswali naye, akulinde na akupe moyo wa kuuliza na kifua cha kupokea jibu. Akupe watu wa kukulisha ungali na meno. Na ukipiga simu hiyo Perth, Mungu ajalie ipokelewe.