Mchuzi Usioonjwa

Nyumbani kwa baba mkwe wangu, nyuma ya duka la vitambaa Nakuru, hakuna aliyekula kabla ya Mungu. Krishna mtoto, sanamu ya shaba inayoenea kiganjani, aliwekewa sahani asubuhi na jioni, na chochote cha kutiwa chumvi kilipikwa na mama mkwe peke yake. Tulimwita Ba. Mimi, bibi harusi kutoka Kisumu, niliachiwa kuchagua mchele na kukanda unga. Mwaka mzima ulikuwa karibu kuisha hivyo, na roho iliniuma. Mwanamke asiyepika ni mgeni tu, hata kama ndiye anayefua mapazia.

Sababu ilikuwa moja. Mpishi wa Mungu haonji. Ukilamba mwiko, umempa makombo. Na Ba alikuwa ameniona, wiki ya kwanza, nikilamba kidole chenye achari.

Siku iliyofuata Diwali, siku ya kumwandalia Mungu karamu, Ba alishikwa na homa. Aliniita kitandani.

"Pika wewe. Usionje."

"Chumvi nitaijuaje, Ba?"

"Mkono utajua."

Nilipika kadhi, mchuzi wa maziwa ya mgando na unga wa dengu. Kwetu tulitumia chumvi ya mawe, na mkono wangu ulijua hiyo. Ya pale ilikuwa laini kama unga. Nilichota kama nilivyozoea, nikakoroga, kisha nikaingiwa na wasiwasi.

Yaya wa shemeji yangu, Mkristo kutoka Bahati, nje ya mji, alikuwa mlangoni akibembeleza mtoto.

"Onja kidogo tu, mama. Nani ataona?"

"Mwenye chakula."

"Huyo hawezi sema," akacheka.

Nilitamani kumtupia mwiko, maana alisema nilichokuwa nawaza.

Sikuonja. Nilipakua, nikaweka jani la tulsi, mrihani wetu mtakatifu, nikavuta pazia ili Mungu ale bila kutazamwa. Baadaye nilipiga kengele, nikatoa sahani, nikawagawia watu wa nyumbani.

Ilikuwa chumvi tupu. Baba mkwe, mtu wa kusukuma sahani kwa sababu ya chapati iliyoungua ukingoni, alimeza, akanywa maji, akameza tena. Chakula kilichotoka kwa Mungu hakitolewi kasoro, wala hakibakizwi. Mume wangu na ndugu zake walikimaliza macho yamewatoka. Mimi niliomba ardhi inimeze. Jiko lile nilikuwa nimelikosa, na safari hii sikuwa na wa kumlaumu.

Nilimpelekea Ba bakuli lake. Alinywa kijiko kimoja, akakunja uso, akaniangalia.

"Nimeharibu, Ba."

Akanywa cha pili, polepole, mpaka kikashuka.

"Hukuonja, mwanangu," alisema. "Kesho tia nusu."