Siku Kijiji Kilipouchagua Mkate wa Wifi

Mtu akiniuliza ni nani aliyemkosea wifi yangu, nakosa la kumjibu, na mimi kwa kawaida si mtu wa kukosa la kujibu. Waulize majirani. Nimemtafuta mbaya wa mambo haya ili nimpe maneno yake, nikamshika huyu, nikamwachia, nikamshika yule, naye nikamwachia. Nimebaki na hasira zangu mkononi, sijui nizitue wapi.

Wifi ni mjane wa kaka yangu mkubwa. Tunaishi ua mmoja, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma na cherehani yangu barazani, tangu niliporudi kutoka kwenye ndoa ambayo sina haja ya kuieleza hapa. Ni mnene, mpole, mikono mipana, mtu wa kucheka kwanza halafu ndipo akuulize ulisema nini. Mimi mdomo wangu hauna breki. Watu husema siku maneno yalipogawiwa wifi alikuwa anakanda unga, mgao wake nikaupokea mimi.

Marehemu kaka alimjengea tanuri la matofali nyuma ya jiko. Alipofariki, shamba likagawanywa na wifi hakuambulia hata tuta moja. Ndugu zangu wanajijua, leo si siku yao. Wifi akabaki na tanuri. Akawa anaamka watu wote wamelala, anakanda, anafunika beseni kwa kitambaa unga uumuke, anawasha kuni, na watoto wa shule wanapopita na mabegi yao mikate iko kwenye meza pale mlangoni, inafuka. Kwa mikate hiyo amesomesha wanawe, na kitindamimba bado yuko chuoni. Hana kingine. Hilo nalisema mapema kabisa, kwa sababu wote tulilijua.

Halafu ukaja mradi. Uliletwa na binti mmoja aliyejiita mwezeshaji, ana adabu, viatu vimejaa vumbi, kwapani amebana makaratasi makubwa ya kubandika ukutani. Sisi tumezoea wageni wenye jibu mfukoni: chimbeni hapa, fugeni hiki, pigeni makofi. Huyu hakuwa na jibu hata la kusingizia. Nilimwuliza, "Mwanangu, mmetuletea nini safari hii?" Akaniuliza, "Kwani mama, nyinyi mna nini?" Nikadhani ananikejeli. Kumbe ndiyo kazi yake. Alisema maendeleo lazima yaanze na wanakijiji wenyewe, sisi ndio tupange na sisi ndio tuamue, ofisi yake itatusindikiza tu. Niseme ukweli, nilimpenda.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule, watu wazima tumejikunja kwenye madawati ya watoto. Binti akauliza ni kitu gani tunakifanya vizuri kuliko vijiji vyote vya jirani. Fundi baiskeli akasema, "Umbea." Tukacheka mpaka dawati likalia. Halafu mtu mmoja kule nyuma akasema, "Mikate," na darasa zima likaitikia kwamba ndiyo, mikate, mikate ya mama, nani asiyeijua. Watu wa mbali wakija kututembelea hubeba ile mikate kurudi nayo. Wifi aliinamisha uso, mabega yanamtikisika kwa kicheko cha aibu. Nikamfinya paja. "Wifi, umeshakuwa mali ya kijiji," nikamwambia. Nilikuwa natania.

Ndivyo kiwanda cha mikate kilivyozaliwa. Kila nyumba ikanunua hisa. Mwenyekiti wetu, ambaye ni fundi mwashi na alikuwa rafiki wa kaka, akapandisha kuta kwa mikono yake bila kudai chochote. Ofisi ya binti ikaleta tanuri kubwa la chuma na mashine ya kukandia. Tukakubaliana kazi ya kuoka wapewe vijana waliokuwa wanashinda barabarani bila shughuli, na aliyeitetea hoja hiyo kuliko wote ni wifi, kwa sababu aliwaonea huruma. Yeye akawa mwalimu wao. Na wifi si mtu wa kufundisha nusu halafu nusu akaificha. Aliwaonyesha jinsi ya kuonja hamira, jinsi ya kuugonga mkate chini kwa kidole usikie kama umeiva ndani, yote. Anayeshika haraka kuliko wote, akasema, ni binti wa fundi baiskeli. Alirudi nyumbani akimsifu kama amemzaa yeye.

Sasa kulikuwa na bwana mmoja mwenye gari dogo, tunamwita Honi, anayeleta mikate ya mjini iliyofungwa kwenye karatasi za nailoni. Alianza kumharibia wifi biashara zamani. Siku chache kabla ya kufungua kiwanda, mwenyekiti akaitisha mkutano. Akasema Honi akiachwa aendelee, kiwanda kitakufa kingali kichanga, kwa hiyo anapendekeza hapa kijijini usiuzwe mkate wowote isipokuwa wa kiwanda. Aliyeinua mkono wa kwanza ni wifi. Aliuinua juu mpaka nguo ikapanda begani. Wa pili mimi. Mikono yote juu, tukapiga makofi, tukaenda zetu tumeridhika kwamba Honi tumempata.

Asubuhi yake nilikuwa uani napiga mswaki. Wifi akatoka jikoni, unga mpaka kwenye viwiko, akasimama mbele yangu.

"Wifi, lile azimio la jana."

"Limefanya nini?"

"Na mimi nimo?"

Nikautoa mswaki mdomoni. "Umo wapi?"

"Kwenye wasiouza."

Nilitaka kumcheka, nikaona kicheko hakitoki. Nikamwambia aache mawazo, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema vile, atoe meza yake kama siku zote. Akaitoa. Watu wakaja, kama siku zote. Wakamwamkia, wakaulizia watoto, wakaitazama mikate kwa macho ya kutamani, wakasimama muda mrefu, wakaondoka bila kununua. Jirani yetu ndiye aliyesema alilokuwa nalo moyoni: "Mama, naogopa. Tumeamua wenyewe. Tukianza kuvunja wenyewe, itakuwaje?" Naye aliinua mkono, naye ana hisa. Mimi pia nina hisa, nilishona sare za shule usiku kucha kuipata.

Nikamshika wifi mkono, hao mpaka kwa mwenyekiti. Tulimkuta anachanganya saruji. Alipotuona akajua.

"Shemeji," akasema, "sisi hatukukulenga wewe."

"Mlimlenga nani?"

"Honi."

"Basi semeni Honi peke yake."

Mwenyekiti akakuna kichwa kwa mkono wenye saruji. Akasema alishalifikiria hilo, lakini Honi amepata habari, ameegesha gari mbele ya kiwanda na kutangaza kwamba akiuza mtu mmoja naye anauza, na wakimzuia atakwenda kushtaki kwa wakubwa. "Nikikufungulia wewe mlango, anaingia na yeye. Kisha mimi sina uwezo wa kufuta neno la mkutano. Niambie la kufanya, shemeji, nitalifanya." Yaani mtu tuliyemfuata atuambie la kufanya ndiye anatuuliza sisi. Nilifungua mdomo nimtukane nikaona amekonda kwa ajili ya kile kiwanda. Nikaufunga.

Tukaenda kwa binti wa mradi. Huyo ndiye alinichanganya zaidi. Alimkumbatia wifi, macho yakamlengalenga kweli, si ya kuigiza. Akasema, "Mama yangu, nikikuamulia mimi nitakuwa nimewanyang'anya sauti yenu. Uamuzi ni wenu."

"Sauti yetu ndiyo imemfunga," nikamwambia.

"Basi na ndiyo itamfungua," akasema. Likanipendeza hilo jibu. Tulipofika nyumbani nikajiuliza lilikuwa na maana gani, nikaikosa.

Wifi akaiuliza kamati ya kiwanda kama basi ataajiriwa pale. Haiwezekani, kazi ni za vijana, tulishakubaliana, na yeye ndiye aliyeitetea hoja. Akauliza mikate yake ina kosa gani. Akaambiwa haina kosa hata kidogo, ndiyo maana imechaguliwa. Kila jibu lilikuwa la kweli. Ukiyaweka pamoja, mtu amekosa riziki yake, na hujui umwulize nani tena. Zile siku nilikuwa nashona nguo nje ndani, nafumua, nashona tena nje ndani.

Hatimaye mwenyekiti akaitisha mkutano kwa ajili ya wifi peke yake. Darasa lilijaa mpaka madirishani. Akauliza, "Nani anataka mama aendelee kuoka na kuuza kama zamani?" Mikono yote juu, hakuna uliobaki chini. Nikashusha pumzi. Akauliza tena, "Na nani anataka azimio libaki kama lilivyo, asiuze mtu yeyote?" Mikono yote juu. Wangu nao. Nilikuwa nimeshauinua ndipo nikauona.

Mwenyekiti akavua kofia. "Jamani, hamuwezi kutaka yote mawili."

"Kwa nini tusiweze?" mzee mmoja akauliza, na hakuwa anafanya mzaha.

Wote tukamgeukia binti wa mradi. Alikuwa amekaa pembeni na makaratasi yake magotini, akatutazama kwa upendo na hofu, akasema tuko huru kuamua. Uhuru ule ulikuwa mzito, hakuna aliyejua ushikwe wapi. Tulibishana mpaka sauti zikatukauka. Ndipo mtu mmoja akatoa wazo, na lilikuwa limejaa nia njema: mama afanywe mlezi wa kiwanda. Awe na kiti chake mbele kwenye kila mkutano. Picha yake ibandikwe mlangoni. Watu wakapiga makofi kwa kushukuru kwamba kuna kitu hatimaye cha kupigia makofi.

Wifi akasimama. Hajazoea kusimama mbele za watu. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta alikoacha kitu.

"Mmenipenda," akasema. "Naliona hilo. Sina wa kumlaumu. Ila mmenipenda mpaka mmenimaliza."

Akakaa. Watu wengine hawakusikia vizuri wakapiga makofi tena. Njia nzima ya kurudi nyumbani waliotukuta walimwambia hongera, na wengine, hao hao waliotoka mkutano mmoja, walimwambia pole. Wote aliwajibu asante.

Kiwanda kikafunguliwa. Asubuhi ya kwanza kabisa niliamshwa na ukimya wa ule ua. Hakuna kuni zinazopasuliwa, hakuna beseni linaloburutwa. Nikatoka na khanga begani, nikamkuta wifi mlangoni amevaa nguo ya kutokea, kikapu mkononi.

"Unakwenda wapi saa hizi?"

"Kununua mkate," akasema. "Watu wanakunywa chai na nini?"

Tulikuta foleni. Alipoonekana watu wakampisha apite mbele, akakataa, akasimama nyuma ya mwenzake kama watu wote. Zamu yake ikafika. Dirishani alikuwa binti wa fundi baiskeli, kofia nyeupe, mashavu yamemwiva kwa moto wa tanuri. Alipomwona mwalimu wake akaufunga mkate kwenye karatasi, akaufungua, akaufunga tena. Wifi akamnyooshea pesa.

"Mwalimu, siwezi kupokea."

"Kwa nini?"

"Mkate wako mwenyewe nikuuzie?"

"Si wangu, mwanangu. Mimi siuzi mkate."

Binti akageuka kutafuta mtu wa kumwuliza. Foleni ikaanza kujadili. Mmoja akasema mlezi halipi, mwingine akasema asipolipa itaonekana amepewa sadaka, mwingine akasema hilo ni jambo la kamati, na kweli mtu akatumwa akamwite mwenyekiti. Nilikuwa na maneno ya kuwapa wote, foleni nzima, na sikujua nianze na nani, kwa sababu kila aliyesema alisema kwa kumheshimu. Wifi hakungoja. Aliiweka pesa pale dirishani, akauchukua mkate wake, akatoka.

Njiani akaukata kipande. Akakinusa kwanza. Akaugeuza mkate, akaugonga chini kwa kidole, akasikiliza. Ndipo akatafuna, taratibu, tukitembea. Mimi namtazama mdomo. Nilitamani sana uwe mbaya. Nilitamani uwe mbichi ndani, una chumvi nyingi, chochote, nirudi pale dirishani nikapate pa kuanzia.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Mtamu," akasema. "Umeiva vizuri. Yule mtoto ameshika."

Akanikatia na mimi. Ulikuwa wenyewe hasa, mkate wa wifi, ningefumba macho ningesema umetoka nyuma ya jiko letu. Tukatembea tukila. Watoto wa shule wakatupita na mikate yao mikononi, wakamwamkia kwa pamoja, naye akawaitikia. Tulipofika penye lango letu akasimama, akaangalia ile meza tupu pale mlangoni, kisha akaniangalia mimi. Hakuwa analia. Aliuliza kama anavyouliza kitu cha kawaida, mahali chumvi ilipowekwa.

"Wifi, sasa mimi kesho niamke nifanye nini?"

Nikamwangalia. Mimi, mwenye mdomo. Nikamwambia aingie ndani, chai itapoa, na tulikuwa hatujabandika hata maji.