Siku Ishirini za Mgongo

Seremala huyu watu walimwita Mzee Utani, maana hakupita mtu karakanani kwake bila kutupiwa neno. Binti yake wa miaka tisa alipoanza kuyumba na kutapika kila asubuhi, naye alitupiwa lake.

"Jamani, mpisheni mlevi wangu!"

Wateja wakaangua kicheko. Mtoto akaingia ndani akishika ukuta.

Hospitali ikakuta uvimbe kwenye ubongo, upande wa kisogoni. Saratani. Akapasuliwa, akapewa tiba ya mionzi, akarudi nyumbani. Baba akajiapiza kutomtania tena, na kweli hakumtania.

Miezi saba baadaye mtoto akasema, "Baba, mgongo unaniuma, na miguu inakufa ganzi."

"Si ulishatibiwa wewe? Acha kudeka."

Mama alitaka warudi hospitali siku ileile. Mumewe akasema wasubiri miadi. Ukweli ni kwamba aliogopa kusikia, ila hilo hakumwambia mtu. Siku ya ishirini mtoto alijikojolea kitini, akashindwa kusimama.

Daktari, mama mmoja asiye na haraka, aliwaonyesha picha. Saratani ilikuwa imesafiri na maji yanayozunguka ubongo, ikashuka hadi kwenye uti wa mgongo.

"Maumivu yalianza lini?"

"Juzi," baba akajibu upesi.

Mkewe akamtazama, kisha akatazama sakafu. Mtoto alisikia kila kitu pale kitandani, wala hakumkanusha baba yake.

Seremala alifika mlangoni, akarudi. 

"Daktari, nimekudanganya. Ni siku ishirini. Aliniambia, nikasema anadeka."

Daktari akafuta, akaandika upya. "Asante. Tulihitaji kujua."

"Ningemleta mapema je?"

"Saratani ilikuwa imeshasafiri. Miguu, labda tungeiokoa."

Jioni baba akamwomba binti yake radhi. Binti akamsikiliza hadi mwisho.

"Na wateja je? Uliniita mlevi mbele yao."

"Nitawaambia."

"Uwaambie nikiwepo."

Dawa zilituliza maumivu, miguu haikurudi. Jumamosi moja baba akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi karakanani, akasimama mbele ya watu wanne waliofuata milango yao. Alisema yote. Mmoja alijikohoza. Mwingine akashika kofia yake mkononi.

Binti aliishi miezi kumi na minne zaidi. Baba hakukosa kliniki hata moja, na daktari alipouliza swali, yeye alinyamaza, akamwachia mtoto ajibu.