Kurasa Sita za Kipeuo cha Pili

Nilitoka Butembo asubuhi na mémoire yangu, andiko la kumalizia chuo, ndani ya mfuko wa plastiki. Barabara ilifungwa mara mbili, tukangoja juani, na nilipofika Beni alasiri sikuwa na nguvu hata ya kusalimia vizuri. Nilimfuata mwalimu wangu wa chuo, mama mzee ambaye miguu ilikuwa imemkatalia safari.

"Karibu, mwanangu. Kunywa chai kwanza," alisema, akachukua zile karatasi.

Kwa miaka minne nilifundisha sekondari siku za kazi, nikaandika Jumapili baada ya ibada. Kazi ilihusu diski, yaani duara lenye nusu kipenyo cha moja, na kanuni inayosukuma kila nukta yake bila kuitoa nje. Katikati, kwenye sifuri, nukta haisogei. Unasukuma nukta kwanza, ndipo unaiuliza fonksio, ile inayoipa kila nukta namba, thamani yake hapo. Fonksio nyingi hutoka zimebadilika sura. Chache hubaki zilezile, zimezidishwa tu kwa namba fulani. Hizo ndizo nilizozitafuta. Vitabu vilisema namba zake ni hizi: moja, kisha namba ya msingi, yaani ile ambayo kanuni huizidisha nukta iliyo karibu kabisa na sifuri, mraba wake, mchemraba wake, na kuendelea. Mimi niliamini nimepata nyingine katikati yao: nilichukua fonksio ya namba ya msingi, nikatoa kipeuo chake cha pili.

Alisoma ukurasa kwa ukurasa. Kwenye sura ya tatu akavua miwani.

"Hii racine carrée, kipeuo chako, zunguka nayo sifuri mara moja. Inakurudisha kwa ile namba ulitoka nayo?"

Nikazunguka kwa kidole juu ya meza. Hairudi. Inarudi na alama ya kutoa mbele. Fonksio ya namna hiyo haiwezi kukaa kwenye diski nzima, maana nukta moja ingekuwa na thamani mbili. Kurasa sita za sura hiyo zilikuwa zimekufa.

"Nimechoka, Mama," nikasema. "Batu banakimbia vita kule Oicha, na miye niko nafanya hesabu gani hii?"

Alikunja zile kurasa sita, akaziweka kando.

"Na miye nilikimbia Oicha. Dada yangu hakufika." Akanisogezea kalamu. "Andika tena, mbele yangu."

Nikaandika, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya. Karibu na sifuri kila fonksio huanza na kipeo fulani kizima cha nukta. Ukisukuma, mwanzo huo huzidishwa kwa namba ya msingi mara nyingi kama kipeo kisemavyo. Basi namba nyingine haina pa kupita. Ilikuwa nusu ukurasa. Vitabu vilikuwa sahihi, donc, basi, nilikuwa nimefika walipofika wengine zamani, ila safari hii nilielewa kwa nini.

"Sasa ni kweli," alisema, akafumba macho kupumzika.

Miezi michache baadaye niliitetea mémoire mbele ya jury, lile jopo la walimu. Hakuna aliyeuliza lolote kuhusu sura ya tatu. Walinipongeza, tukapiga picha, na Jumatatu nikaingia darasani kufundisha hesabu za sehemu, nusu na robo.