Kasiano, Aliyeandikwa Kaka wa Mke Wake

Simu ililia katika ofisi ya parokia ya Mushasha, mjini Gitega, saa tano kasorobo asubuhi, siku ya Alhamisi. Katibu alikuwa ameshaandika jina la Anisia kwenye cheti cha ubatizo kwa mwandiko wa taratibu, mwandiko wa mtu asiyependa kurudia kazi, na sasa kidole chake kilikuwa kinatafuta jina la baba katika daftari la ubatizo la mwaka 1984.

Kasiano alipokea. Alikuwa Fatouma, jirani yao wa Giteranyi, ambaye alibaki hospitali ya Muyinga kumwuguza Anisia, mke wa Kasiano.

"Papa Upendo," alisema Fatouma, "uko umekaa ama umesimama?"

"Nimekaa."

"Bon. Bakia vile vile. Mama Upendo ametuacha. Iko nusu saa sasa."

Kasiano akasema amesikia. Akasema asante. Akaiweka simu mezani kifudifudi, akageuka kumtazama binti yake Upendo aliyekuwa amesimama mlangoni. Hakuhitaji kumwambia. Fatouma huongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde, na Upendo alikuwa amesikia yote. Alikaa chini pale pale, akajifunika uso kwa kitenge.

Katibu aliinua kalamu. Alikuwa mtu mzima, na miaka ya ofisini ilikuwa imemzoeza kuona watu wakipokea simu za namna hii.

"Pole sana, Baba," alisema. Kisha, kwa kuwa kidole kilikuwa bado kwenye mstari: "Niendelee?"

"Endelea," alisema Kasiano. "Nimetoka mbali."

Katibu akaendelea. Baba: Bonifasi, mwashi. Mama: Jeska. Akapiga muhuri, akaupuliza ukauke, akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili.

Kasiano alikuwa mkulima wa mihogo na maharage huko Giteranyi, kaskazini mwa Muyinga, mtu mkimya mwenye kofia moja ya kazi na ya Jumapili. Aliishi na Anisia miaka ishirini na moja. Walizaa watoto watatu, wakazika mmoja. Kilimani kwao hakuna aliyekuwa na shaka kwamba huyu ni mume na huyu ni mke. Karatasi ndiyo iliyosema vingine. Karatasi ilisema ni kaka na dada, watoto wa Yakobo na Imelda.

Jambo hilo lilianza Tanzania, katika kambi ya wakimbizi. Kasiano alifika huko na wazazi wake akiwa na miaka kumi, akakulia huko, akasomea huko mpaka darasa la saba. Mwaka 2003 akaja Anisia, msichana wa miaka kumi na tisa, kutoka kambi nyingine iliyokuwa imefungwa, peke yake, bila kadi ya chakula. Kasiano alimpenda wiki ile ile. Imelda, mama yake Kasiano, aliona, na yeye alikuwa mwanamke wa kumaliza mambo. Alimchukua Anisia mpaka kwenye meza ya mwandishi wa kadi. Angesema huyu ni mkwe wangu, mwandishi angedai cheti cha ndoa. Binti hadaiwi cheti.

"Huyu ni binti yangu," alisema Imelda. "Alipotea, amepatikana."

Mwandishi akamwongeza kwenye kadi. Anisia akala siku hiyo hiyo. Imelda alikusudia kusahihisha baadaye, mambo yakitulia, lakini yeye na Yakobo walifariki kabla mambo hayajatulia. Mwaka 2012 watu waliporudishwa Burundi, karatasi ya kurudi ilinakili kadi ya chakula, na kitambulisho kikanakili karatasi ya kurudi. Kila ofisi iliamini ofisi iliyotangulia. Watoto nao waliandikwa kwa mama, na nafasi ya baba ikachorwa mstari.

Miaka ikapita hivyo. Aliyeumia ni Anisia. Alikuwa mtu wa sala, hakosi misa, lakini anayeishi na mwanamume bila ndoa ya kanisa hapokei Komunyo. Kila Jumapili watu wakiinuka kwenda mbele, yeye alikunja magoti pembeni ili wapite, na wakirudi aliyakunja tena. Kasiano, upande wa wanaume, alimwona. Hakuwa mtu wa kuomba mengi duniani. Alitaka jambo hili moja tu, karatasi iseme kweli, kwamba Anisia si dada yake.

Mwaka huu mwalimu wa dini, Thomas, alitangaza kwamba tarehe kumi na tano Agosti wachumba na wakongwe wote watafungishwa ndoa kwa pamoja, jozi kumi na mbili, mradi kila jozi iwe imeshafunga ndoa ya serikali kwa kushika bendera kwenye komine, ofisi ya serikali ya eneo. Kasiano akaandikisha majina siku hiyo. Mwezi Mei akavaa kofia, Anisia akavaa kitenge kipya, wakaenda komine kwa Manase, karani wa hali ya raia, anayeandikisha vizazi, ndoa na vifo.

Manase alichukua vitambulisho viwili. Akasoma kimoja, akasoma kingine, akarudi kwenye cha kwanza.

"Hawa watu wawili baba yao ni Yakobo."

"Kwa karatasi, shefu," alisema Kasiano.

"Na mama yao Imelda."

"Kwa karatasi."

"We mutu wa Tanzania, huko mulikuwa munaoa dada zenu?"

Anisia akacheka mpaka akashika meza. "Shefu, kaka mtu anapewa bila kuulizwa. Huyu mimi niliulizwa."

Manase naye akacheka kidogo, kisha akakumbuka kazi. "Muko na watoto?"

"Wawili walio hai. Mkubwa ni Upendo, yuko Gitega, anashona."

"Basi we ni mjomba ya Upendo."

"Kwa karatasi," alisema Kasiano.

"Mama, mi naona kabisa huyu ni mume yako, hata kipofu anaona. Mi siko na shida na nyinyi. Karatasi ndiyo iko na shida. Bendera haishikwe na kaka na dada." Akavirudisha vitambulisho taratibu, kama mtu anayerudisha sahani bila kula. "Munitafutie kitu kinasema huyu mama alizaliwa na watu wengine. Ya ubatizo inatosha. Mukiileta leo, kesho nabandika tangazo kwa ukuta, siku zikipita munashika bendera."

Anisia alibatizwa Mushasha, ambako baba yake alijenga kuta za shule. Safari ilipangwa Juni, baada ya mavuno ya maharage. Juni miguu ya Anisia ikavimba. Julai pumzi ikawa fupi, na hospitali ya Muyinga ikasema ni moyo, ikamlaza. Kasiano akakaa kando ya kitanda wiki mbili, akimenya ndizi ambazo mgonjwa hakuzila.

"Nenda Gitega," alisema Anisia siku ya Jumanne.

"Nitakuachaje hivi?"

"Fatouma yupo. Ukikaa hapa utaniangalia tu, na mimi nimechoka kuangaliwa na kaka yangu. Nenda ukalete mume."

Ndivyo alivyokwenda. Jumatano alifika, akalala chumbani kwa Upendo, mtaa wa Musinzira. Alhamisi wakaenda parokiani pamoja.

Baada ya simu ile hawakuweza kuondoka mara moja. Basi la Muyinga lilikuwa halina mafuta. Lilipata Ijumaa asubuhi, na wakapita Karusi, karatasi ikiwa ndani ya kofia ya Kasiano na kofia ikiwa kichwani.

Fatouma aliwangojea uani hospitalini, mtandio wake umekaa upande. Alimkumbatia Upendo kwanza. Kisha Kasiano akamwuliza alilokuwa akijiuliza njia nzima.

"Padri alikuja?"

"Alikuja! Mi ndiyo nilimutafuta. Niliona pumzi inapungua, nikavuka barabara mpaka kwa padri nikasema, mutu wenu huyu anakwenda, mumuletee vitu vyake. Padri akanitazama na mutandio yangu, akasema we ni nani wake? Nikasema jirani. Akakuja mbio. Akamusikiliza, akamupaka mafuta, akamupa ile yenu ndogo nyeupe. Alifungua kinywa mwenyewe, Papa Upendo. Hakuna mutu alimusaidia."

"Hakudai cheti cha ndoa?"

"Hakuuliza hata jina ya pili."

Kasiano alivua kofia. Kitu walichokihangaikia miaka ishirini na moja kilikuwa kimepatikana kwa Fatouma kuvuka barabara. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akamshukuru Fatouma kwa sauti, naye Fatouma akasema si kitu, hata kwao Waislamu mgonjwa hasafiri bila kusomewa.

Lilibaki lile lingine, la karatasi.

Ofisi ya hospitali ilikuwa na dirisha dogo na mtu mmoja mwenye haraka. Fomu ya kuchukua marehemu ilitaka saini ya ndugu wa damu au ya mume wa ndoa. Mtu yule alitazama kitambulisho cha Kasiano, akatazama cha Anisia, akaridhika. Haikuwahi kutokea ofisi kuridhika nao upesi hivyo.

"Kaka ya marehemu. Weka saini hapa."

Kasiano alishika kalamu. Mke wake alikuwa nyuma ya ukuta ule, na saini moja ilitosha.

"Mimi si kaka yake."

"Iko imeandikwa hapa."

"Imeandikwa vibaya. Mimi ni mume wake."

"Leta cheti ya ndoa."

"Sina."

"Basi we ni kaka. Weka saini, muzee, watu wanangoja."

"Nimekuwa kaka yake tangu kambini," alisema Kasiano, "na yeye alinituma nikaikomeshe karatasi hiyo. Siwezi kurudi na kuisaini tena."

Mtu wa dirishani alitazama foleni, akatazama saa. Hakuwa mbaya, alikuwa na fomu tu. Upendo akasogea mbele, macho yamevimba, akaweka kitambulisho chake dirishani.

"Mimi ni mtoto wake. Imeandikwa, na ni kweli."

Alisaini yeye. Mama yake akatolewa.

Kabla ya kwenda nyumbani Kasiano alipitia komine kuandikisha kifo, kwa kuwa ofisi ingefungwa hadi Jumatatu. Manase alisimama alipomwona, akampa mkono, akampa kiti. Kisha akaisoma karatasi ya Mushasha mpaka mwisho, pamoja na muhuri.

"Bon. Sasa iko wazi. Si dada yako."

"Ndiyo, shefu."

"Na hii ningebandika tangazo leo."

"Ndiyo."

Manase akafungua daftari la vifo. Kwenye wazazi wa marehemu aliandika Bonifasi na Jeska, akaonyesha kwa kidole ili Kasiano aone. Alipofika kwenye mtoa habari na uhusiano wake, kalamu ikasimama.

"Mume siwezi kuandika, sheria inanikataza. Kaka, na hii karatasi, pia siwezi."

"Andika kinachowezekana."

Manase alifikiri muda mrefu kuliko alivyofikiri mwezi Mei. Akaandika, kisha akaligeuza daftari. Kasiano akasoma: *Kasiano, mkulima, aliyeishi naye miaka ishirini na moja na kuzaa naye.*

Alisoma mara mbili.

"Kuna kosa?" aliuliza Manase.

"Hakuna," alisema Kasiano. "Ni kweli yote." Akasaini.

Anisia alizikwa Jumamosi saa sita mchana. Gari lilimleta mpaka barabara inapoishia, kisha wanaume sita wakalibeba jeneza begani kwa njia ya miguu, wakapokezana mara mbili kwenye mwinuko. Padri alisoma misa fupi uani, kwa sababu watu walikuwa wengi na nyumba ni ndogo. Thomas aliongoza rozari. Wanawake wa kwaya waliimba wimbo aliokuwa akiupenda, wakakosea ubeti wa tatu, wakaurudia.

Kaburini Thomas aliwaita waliofiwa kwa mpangilio: mume, watoto, majirani. Kasiano alitupa udongo kwa mkono mara tatu. Upendo akafuata, kisha mdogo wake Adriano, kisha Fatouma, kisha wengine wote. Vijana wakamalizia kwa majembe, wakasawazisha, wakasimika msalaba wenye jina lake na miaka yake. Padri akabariki kaburi, watu wakasema Amina.

Baadaye walinawa mikono kwa zamu katika beseni lililowekwa njiani, wakakaa, wakapewa kinywaji. Mkuu wa kilima, kiongozi wa kijiji chao, aliwashukuru waliofika. Saa kumi wageni wakaanza kuaga, mmoja mmoja, na Kasiano aliwasindikiza wote hadi barabarani.