Feni ya Boila na Mkono wa Fundi Mbaruku

Usiku ule nililala nimeridhika, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Mchana wake nilikuwa nimemaliza, kwa maringo yangu, kesi ya feni kubwa ya boila pale kiwandani kwetu, kiwanda cha sukari. Kipimo chake cha mtetemo kilikuwa kikiruka ovyo na kuizima feni kila mara. Nikakuta ule wavu wa shaba unaozunguka waya wa kipimo umefungwa eathi, yaani waya wa kwenda ardhini, pande zote mbili, kwenye feni na kwenye paneli, wakati unatakiwa kufungwa upande mmoja tu. Ukifunga kote kuwili, umeme wa pembeni unapata njia ya kuzunguka humo, na kipimo kinasoma mtetemo usiokuwepo. Nikafungua upande mmoja. Mshale wa kipimo ukatulia, ila haukushuka hadi chini. Kilichobaki nikakiita kelele za umeme pia, nikawaambia wakubwa hakuna neno, tukaiondoa kinga inayoizima feni isije ikatusumbua tena. Asubuhi Hadija, dada wa grisi, angepanda juu kulainisha beringi huku feni inazunguka, kama kawaida yake.

Usingizini nikajiona niko kiwandani, mchana kweupe, na hakuna mtu. Feni inazunguka bila sauti. Mbele yake ameinama Fundi Mbaruku, aliyenifundisha kazi hii. Nilijua kabisa kwamba amekufa. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea, na nilikumbuka uzito wake. Sasa anaugusa mfuniko wa beringi kwa mgongo wa mkono, kama alivyotuzoesha, maana kiganja kikikutana na umeme hung'ang'ania.

"Shikamoo, Fundi," nilisema.

Hakuitikia. Katika uhai wake hata mtoto wa chekechea hakumwacha bila kumwitikia.

"Umezima ukaangalia?" akaniuliza, bila kugeuka.

Nilianza kumweleza habari za eathi, za wavu wa shaba, za mshale uliotulia. Nilieleza vizuri, hata mimi nilijisikia ninavyoeleza vizuri. Yeye ananyoosha mkono, anazima.

Hapo tukawa sebuleni kwa mama yangu, na paneli ya kiwanda inaning'inia ukutani juu ya kochi. Sikushangaa. Feni nayo ipo, imejaa chumba kizima, mapanga yake yanapita karibu na uso wangu. Nikakumbuka somo lake la kwanza kabisa: kelele za umeme hufa pamoja na umeme, papo hapo, lakini mtetemo wa chuma hufa kidogo kidogo, kadiri chuma kinavyopunguza mwendo. Niliukodolea macho mshale nikiuomba uanguke. Hauanguki. Unashuka taratibu, mapanga nayo yanalegea taratibu. Kwa hiyo kuna kitu kibovu kweli mle ndani. Nami sikuwa nimezima, kwa sababu ukizima feni unasimamisha boila, na wakubwa wananuna, na mimi sipendi kununiwa.

"Fundi, nitarekebisha," nikasema.

Hadija ameingia na bomba lake la grisi, kilemba chake cha kazini kichwani, anacheka kana kwamba kuna mtu amemtania mlangoni. Fundi Mbaruku anamshika kifundo cha mkono. Kwetu marehemu akija ndotoni akala, akacheka, watu hawajali sana, wanamsomea dua yanaisha. Lakini akiondoka na mtu aliye hai, nyumba hiyo hailali tena. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, nikaudaka mkono wa pili wa Hadija. Ulikuwa wa moto. Nikavuta, na upande wa pili ukavutwa, bila nguvu, kama mtu asiye na haraka.

Ndipo akageuka akanitazama. Ni sura yake ileile, haina hasira hata kidogo.

"Mimi namchukua, au wewe unamshusha?"

Nikaamka nimeng'ang'ania shuka. Jua lilikuwa limeshatoka. Zamu ya asubuhi ilikuwa imeshaingia kazini. Nilipapasa simu, nikampigia Hadija. Iliita hadi nikakata tamaa, ndipo akapokea, na ngurumo ya feni ikanijaa sikioni.

"Uko wapi?"

"Niko juu huku, kaka, ndiyo nataka kuanza. Mbona unahema hivyo?"

"Shuka. Usiguse kitu. Mwambie msimamizi azime feni na asimruhusu mtu kusogea hapo mpaka nifike."

"Si ulisema jana ni umeme tu?"

"Nilisema bila kuzima nikaangalia."

"Watatugombeza, kaka. Nani kakwambia sasa, asubuhi yote hii?"

Ningeweza kumtungia jambo. Sikumtungia.

"Fundi Mbaruku," nikamwambia.

Hadija alikuwepo siku ya mazishi yake, alipika pamoja na wanawake wa nyumba ile. Nilisikia bomba la grisi likiwekwa chini, halafu viatu vyake vikishuka ngazi za chuma, vikikimbia.