Sindano Iliyobaki Mkononi

Mdogo wangu aliondolewa salama uvimbe wa titi. Nalisema hilo kwanza kwa sababu hadi leo watu husema kansa ndiyo iliyomuua. Si kweli.

Tulibaki yatima wanne, mimi nikiwa wa kwanza. Niliacha shule darasa la tano ili wenzangu wapate kula. Mdogo wangu alipolazwa hospitali Sumbawanga mjini, nilimwomba balozi wetu wa nyumba kumi ruhusa ya kukosa shamba la kijiji, nikaenda kumwuguza. Siku ya tatu baada ya upasuaji alikuwa anakunywa uji wa ulezi na kunitania: "Dada, unakoroma kuliko wagonjwa."

Siku hiyo dripu iliisha. Chupa ikaondolewa, sindano ikaachwa mkononi chini ya plasta. Niliuliza kwa nini.

"Mishipa yake haionekani kirahisi," muuguzi alisema. "Chupa nyingine zikija tutaunganisha hapo hapo."

Chupa hazikuja. Sindano ikabaki, siku baada ya siku, bila kazi.

Kisha shangazi alifika kutoka kijijini na kichupa cha maji ya baraka. Aliyachota katika lile beseni la mlangoni mwa kanisa ambamo kila anayeingia huchovya vidole. Asubuhi na jioni aliyadondosha juu ya plasta na kufanya ishara ya msalaba.

"Shangazi, unailowesha."

"Kwani wewe ulibatizwa kwa vumbi?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Nami nilicheka. Sijajisamehe kicheko kile.

Siku ya nane mdogo wangu alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Muuguzi alisema ni malaria, akamchoma klorokwini. Nikamwambia mgonjwa analalamikia mkono.

"Wewe umesomea wapi?"

Nikarudi kukaa kando ya kitanda. Ndivyo swali lile lilivyokusudiwa.

Kesho yake nilibandua plasta mwenyewe. Usaha ulitoka, na mstari mwekundu ulikuwa umepanda hadi juu ya kiwiko. Daktari alipokuja aliichomoa sindano, akasema sumu imekwisha kuingia kwenye damu. Alimpa dawa zilizokuwapo. Siku mbili baadaye mdogo wangu alifariki, kidonda cha upasuaji kikiwa kikavu, kimeshikana vizuri.

Muuguzi hakuulizwa na mtu. Niliyeulizwa ni mimi: nani alikuruhusu kubandua plasta ya hospitali?

Msibani walisema kansa haina huruma. Shangazi alisema Mungu amependa.

"Mungu hakuisahau sindano ile mkononi mwake," nilisema. "Watu ndio walioisahau."

"Nyamaza, mtoto. Unamwaibisha marehemu."

Tulipofika kaburini alitoa kichupa kile kile. Nilimshika mkono mbele ya watu wote, nikamwambia, "Hapa hapana." Alinitazama, akakirudisha ndani ya kanga. Hatukusalimiana mpaka mavuno mawili yakapita, na aliyeanza kusalimu hakuwa mimi.